Kwa Mama Tupokigwe, Aliyenifundisha Mikia ya Maneno

Mama yangu Tupokigwe,

Hodi huko uliko. Wewe ungenicheka kwa kupoteza karatasi nzuri ya misheni kumwandikia mtu aliyekwisha kulala. Lakini leo ni Jumapili, nimetoka ibadani, wodi imetulia, na yale niliyotaka kuyasema kaburini kwako yamenikaa kooni tangu masika. Niache niyaandike.

Sikuja kukuzika, Mama. Habari zilifika huku Mbozi na mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Isongole, mvua ikiwa imeharibu njia yote ya milimani, na alipofika wewe ulikuwa umekwisha kulazwa katika udongo wa Ibaba. Nilikuwa nakunja mashuka. Niliendelea kukunja. Nilikunja mpaka shuka la mwisho, kisha nikayakunjua yote nikaanza upya, na wasichana waliponiona wakaondoka wakaniacha peke yangu. Hivyo ndivyo nilivyokulilia.

Sasa nikupe habari za hapa. Wodi ya akina mama imeezekwa bati, na mvua ikinyesha hatusikii mgonjwa anavyosema. Kahawa imeshika kila mlima, na wakati wa kuchuma wagonjwa wanakuja na vidole vyekundu. Malori ya kwenda Tunduma yamekuwa mengi. Daktari wetu amejua Kiswahili, Mama! Usingeamini. Juzi alimwambia mzee mmoja, "Pole kwa safari, shikamoo," na mzee akasahau maumivu yake akabaki kumtazama.

Na mimi wamenipa darasa lako.

Wasichana wapo katika kile chumba kidogo nyuma ya stoo ya dawa, palepale tulipokuwa tunakunja bandeji. Mmoja wao, binti wa Itaka, mwenye macho makali na mdomo usiotulia, aliniuliza wiki hii: "Nesi Tamari, kwa nini madaktari hawasemi tu kwamba koo limevimba? Kwa nini waseme tonsilaitisi?" Nilitaka kumjibu, nikakuta jibu lililokuwa linanijia ni sauti yako. Nikampa rundo la bandeji akunje. Kisha nikamwuliza swali ulilonianzia mimi.

Unakumbuka nilivyokuja? Msichana wa Kinamwanga kutoka vijiji vya upande wa Tunduma, nimemaliza shule ya misheni, najua kusoma Injili na kuhesabu, na Kiingereza changu kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Siku za kwanza daktari alipopita kitanda hata kitanda akisema maneno yake marefu, nilikuwa naona kama mawe yanaporomoka mlimani na mimi nimesimama bondeni. Nilikuandikia barua ya kuacha kazi. Hukuifungua. Uliitia mfukoni mwa aproni, ukanipa rundo la bandeji zilizochemshwa na kukauka, ukasema, "Kunja. Na wakati unakunja, niambie, funga ni nini?"

Nikasema ni kama kufunga mlango.

"Na fungua?"

Ni kinyume chake, mlango uwe wazi.

"Fungwa? Fungia? Fungana?"

Nikajibu yote, nikishangaa mama huyu ana nini leo. Ukaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikasema hakuna aliyenifundisha hasa, nimeyasikia tu yakisemwa. Ukaniuliza kama Kinamwanga chetu hakina mikia kama hiyo. Nikafikiri, nikajaribu neno moja, nikajaribu la pili, nikacheka peke yangu, kwa sababu kinayo, nami nilikuwa nimeisema maisha yangu yote bila kuiona.

"Basi unaogopa nini?" ukasema. "Hao Wazungu nao waliazima maneno kwa Wayunani wa kale, wakayafunga mikia kama sisi. Kichwa cha neno kinakuambia ni wapi mwilini. Mkia unakuambia huko kuna nini, au daktari anataka kufanya nini huko. Neno likiwa refu, usilitazame lote kwa pamoja. Anza mkiani, kisha upande mpaka kichwani."

Naandika maneno yenyewe kama tulivyokuwa tukiyatamka, maana wewe hukujali tahajia yao bali maana yao. Na ulinifundisha kwa mikono kuliko kwa mdomo. Aitisi: ulipuliza vidole kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Mahali pamewaka, pamevimba kwa moto. Aljia ulikunja uso tu, ni maumivu, basi. Kwa oma ulikunja ngumi, donge. Ektomi ulishika hewa kwa mikono miwili ukaivuta kama mtu anayeng'oa muhogo, maana ni kukata na kutoa kabisa. Otomi ulifungua viganja kama mlango: ni kukata ili kufungua tu, hakitolewi kitu. Na ile ostomi ya mwisho, ulifungua viganja kisha ukaviringa midomo kama mtoto anayenyonya, kwa sababu hapo daktari anafungua na kuacha mdomo wazi. Nilicheka mpaka bandeji zikaanguka sakafuni, tukalazimika kuzichemsha tena. Siku hiyo hiyo jioni uliitoa barua yangu mfukoni ukanirudishia, bado imefungwa, ukasema, "Hii nadhani ni yako."

Ulikuwa na mfano mwingine niliokuwa naupenda, wa jina lako mwenyewe. Ulisema katika lugha yenu ya Kindali, na kwa Wanyakyusa pia, Tupokigwe ni kwamba tumeokolewa. "Uukate ule mkia wa katikati, ule igw," ulisema, "nitakuwa sisi tunaookoa. Uuache, ni sisi tuliookolewa. Baba yangu aliuacha. Alijua ananipa jina la mtu wa kushukuru, si la mtu wa kujivuna." Nami nakumbuka nilikutazama nikiwaza jinsi mama huyu aliyekuwa mjane angali kijana, aliyekuja kufua nguo za hospitali akapanda mpaka akawa mkuu wa wodi, bado anahesabu kwamba yeye ndiye aliyeokolewa.

Lakini ulinionya pia. Ulisema anayejua mkia peke yake ana hatari kuliko yule asiyejua neno lote. Sikukuelewa. Nilielewa siku walipomleta Yunisi.

Nataka nikusimulie siku zile, Mama, ingawa ulikuwepo. Kuna mengine uliyafanya ukiwa umenipa mgongo, hukuona yalivyotupata.

Yunisi ni dada yangu wa tumbo moja. Alikuwa ameolewa miaka mingi na shemeji Yoramu, ambaye alikuwa akifanya kazi kwenye migodi ya shaba huko ng'ambo, Rhodesia, akirudi nyumbani kwa likizo. Mtoto hawakupata. Kisha tumbo la Yunisi likaanza kukua, watu wakaanza kufurahi, na kumbe haikuwa mimba. Kila mwezi damu ilimtoka mpaka akawa hawezi kubeba ndoo. Walimleta kwa lori la mahindi kutoka Tunduma, amelala juu ya magunia, mama mkwe wake amempakata kichwa njia nzima. Nilipomwona midomo yake imekuwa na rangi ya unga, nilisahau kwamba mimi ni nesi.

Daktari alikuwa mgeni bado, na Kiswahili chake kilikuwa kichanga. Alimpima vizuri, taratibu, akakwambia wewe neno moja kwa lugha yao, mayomektomi, kisha ukaitwa mbio kwenye chumba cha kuzalishia. Yeye akabaki na sisi. Akamtazama Yoramu, akaweka mkono juu ya tumbo la dada yangu, akasema kwa moyo safi kabisa, "Hii, sisi toa. Kesho kutwa, toa." Akatabasamu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kitanda cha pili kilikuwa na yule mama wa Isongole aliyekuwa amepasuliwa kabla. Mtu mwema, ndiye aliyemgawia Yunisi uji wake. Akainua kichwa, akauliza, "Amesema ektomi? Hata mimi aliniambia neno lenye ektomi. Ni kizazi hicho wanatoa. Mimi watoto wangu ni wakubwa, sikujali. Lakini huyu binti…" Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza.

Mama mkwe alisimama akaanza kukusanya mablanketi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Yoramu akasema, "Sikumleta mke wangu hapa aje afanywe mti mkavu. Lori linarudi mchana. Tunaondoka." Na Yunisi aligeukia ukutani. Mimi nilisimama katikati nikiwa na bakuli la uji mkononi. Mikia nilikuwa naijua yote, Mama, lakini kichwa cha lile neno kilikuwa kimenitoka kwa hofu. Nilisikia ektomi tu, ikigonga kama nyundo. Kama dada yangu angepandishwa kwenye lile lori siku ile, asingeyaona mavuno.

Nikaliweka bakuli chini nikaja kukuita.

Ulikuja ukijifuta mikono. Nilidhani utawakemea, wakubwa wengi wa wodi wangewakemea. Wewe ulipita vitanda vyote, ukaenda ukakaa chini sakafuni karibu na mama mkwe, yeye akiwa juu ya kigoda, ukamwamkia kwa heshima kama mgeni aliyefika kwake. Ukauliza habari za safari. Ukauliza kama ulezi huko kwao umekubali. Alikujibu kwa mkato, lakini alikujibu, na mikono yake ikaacha kukunja mablanketi. Hapo ndipo ulipogeuka kwangu.

"Tamari, waeleze wenzako neno hili. Kwa Kinamwanga."

Nikasema kwa kunong'ona kwamba siwezi, ufanye wewe, wewe ndiye mkuu.

"Mimi ni Mndali," ukasema. "Na Kiswahili hakiingii kwenye sikio lenye hofu. Anza mkiani."

Nikaanza mkiani. Nikasema ektomi ni kukata na kutoa, huo ni ukweli, mama wa Isongole hakukosea. Nikaona uso wa Yoramu unajifunga. Nikaendelea kupanda: oma, ni donge. Na nilipofika hapo kichwa kikanirudia chenyewe, kama mtu aliyekuwa amefichwa na mlango. Mayo ni msuli, nyama ya mwili. Donge la nyama, likatwe, litolewe. Kizazi kina jina lake jingine, histera, na daktari hakulitaja hilo hata kidogo! Mama wa Isongole aliambiwa histerektomi. Mkia mmoja, vichwa viwili. Nikamgeukia mama mkwe, ambaye namjua ni mtu wa jembe, nikamwambia, "Mama, anayeng'oa magugu hang'oi shamba."

Kisha akauliza swali ambalo silisahau: "Na kama magugu yameshikana na udongo?"

Nilikutazama wewe, na nilitegemea utasema neno la kumtuliza, maana sote tunayajua yale maneno ya kutuliza. Ukasema, "Mama mwenzangu, hapo umeuliza la kweli. Sitakudanganya. Ngoja nimwite mwenyewe aseme."

Ukamleta daktari. Ukamkalisha ukingoni mwa kitanda, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kitandani kwa mgonjwa. Yeye akasema kwa lugha yake, wewe ukasema kwa Kiswahili, mimi nikasema kwa Kinamwanga, maneno yakawa yanapita kwa zamu kama matofali. Akasema atajaribu kutoa madonge na kukiacha kizazi mahali pake. Akasema ameshafanya hivyo kwa wengine. Akasema lakini damu ikikataa kusimama, itambidi akitoe kizazi ili mtu abaki hai. Hukuacha neno hata moja njiani. Niliona alipofika hapo pa mwisho alikuangalia, kana kwamba anauliza kama kweli utawaambia hata hilo, nawe ukawaambia.

Yoramu alikuwa anatazama viatu vyake vya mgodini. Mama mkwe alikuwa anamtazama Yoramu. Mimi nilikuwa nawatazama wote wawili. Na wewe, Mama, wewe peke yako, ukainuka ukazunguka upande wa ukutani, ukainama, ukasema, "Yunisi, mwanangu. Wenye midomo tumesema sote. Mwenye tumbo hajasema. Wewe unataka nini?"

Nakuapia hakuna aliyekuwa amemwuliza. Hata mimi ndugu yake.

Yunisi akainua macho. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimechoka kufa kidogo kidogo. Wafungue. Waking'oa magugu, nitashukuru. Wakikuta shamba limekwisha, basi nirudisheni nyumbani nikiwa mtu."

Yoramu akalia. Mwanaume wa mgodini, mabega kama mlango, akalia mbele ya wanawake. Nawe hukumpa hata nafasi ya kuona aibu; ulimshika mkono ukakunja shati lake juu ya kiwiko, ukasema, "Mkono huu una damu nyingi, na mkeo hana. Twende tukapime kama zinapatana." Zilipatana. Alilala kwenye benchi akitazama chupa inavyojaa, na alipoinuka akasema kwa Kibemba cha kule migodini, "Natotela," yaani asante, kana kwamba yeye ndiye aliyepewa.

Asubuhi ya kupasuliwa hukuniruhusu kuingia. Uliniambia mikono ya ndugu hutetemeka. Nilikaa nje na mama mkwe, baridi ya Mbozi ikitupenya, tukichambua maharage ya jikoni ambayo hakuna aliyetuomba tuyachambue. Mlango ulipofunguka ulitoka na beseni lililofunikwa kitambaa, ukaja moja kwa moja kwake, ukakifunua. Yalikuwa madonge magumu, meupe, mengine kama viazi vya kwenu Ibaba. Ukasema, "Haya ndiyo magugu. Shamba liko mahali pake."

Mama mkwe aliyatazama sana. Kisha akasema, "Kumbe nyie ndio mliokuwa mnakaa nafasi ya wajukuu wangu," akatema mate pembeni, akakukumbatia pamoja na damu yote ya aproni yako.

Yunisi alikaa wodini mpaka rangi ikamrudia, naye Yoramu akajifunza mikia kwako. Na ulikuwepo aliporudi baadaye akiwa na mimba ya kweli, akijifunga khanga chini kidogo ili kila mtu aione. Siku zake zilipofika daktari alieleza kwamba kwa sababu ya lile kovu asingemwacha asukume, angemfungua. Akataja neno lake, lenye histera ndani yake. Yoramu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, aliruka. "Daktari! Subiri kwanza. Ni tomi au ni ektomi?"

Daktari alishikwa na butwaa. "Ni tomi," akasema. "Otomi."

"Ah," Yoramu akasema, akajifuta jasho. "Otomi ni mlango tu. Endelea."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Nakuona hivi sasa, umeshika ukuta, kofia yako ya unesi imeteleza sikioni. Mtoto alitoka akilia, mwanamke, mzito, na sauti iliyofika jikoni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ni gumu kulisema.

Ulipoanza kukonda sote tulidhani ni kazi. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa, ukakubali kulazwa baada ya kubembelezwa, katika wodi yako mwenyewe. Daktari alikuja na mwenzake aliyekuwa mgeni wake. Wakasimama miguuni pa kitanda, wakasema kwa Kiingereza, pole pole, kama watu wanaoongea karibu na mtoto aliyelala. Nilikuwa nimeshika kipima joto. Nikasikia neno. Hepatoma.

Nilianza mkiani bila kutaka. Donge. Nikapanda. Ini. Na nilipoinua macho wewe ulikuwa umefika kabla yangu.

Hukulia. Uliwaambia wale madaktari kwa Kiingereza chako kizuri kwamba umesikia na umeelewa, na kwamba hakuna ektomi ya hilo, au ipo? Daktari wetu akasema haipo. Alikuwa amekushika mguu juu ya shuka. Walipoondoka nilipiga magoti, nikasema afadhali nisingalijifunza maneno haya, afadhali usingalinifundisha, tungebaki hatujui. Ulinigusa kichwa. Ukasema, "Nyamaza, binti. Wangapi wamekufa humu wakiambiwa pumzika tu, utapona? Mimi nimeambiwa na neno lenyewe. Sasa nina nafasi ya kwenda nyumbani kwa miguu yangu." Kisha ukasema, na hili nimekuwa nikilitafuna tangu ulipoondoka, "Kujua hakuponyi kila mtu, Tamari. Lakini kunamfanya mgonjwa awe mwenye nyumba, si mgeni katika mwili wake."

Ukaenda Ibaba. Kaka zako walikuja kukuchukua, ukakataa machela mpaka ulipolipita lango la misheni, ili wagonjwa wasikuone ukibebwa. Nilisimama mpaka mkapotea kwenye mteremko.

Nilikuwa na hasira kwanza. Nilimkasirikia Mungu, nilimkasirikia daktari, hata Wayunani wale niliwakasirikia. Imepungua. Siku hizi asubuhi nikiingia darasani na kuwakuta wasichana wameshakaa na bandeji mapajani, kinachonijaa ni shukrani tu, Mama, nyingi kuliko nafasi. Asante kwa barua uliyokataa kuifungua. Asante kwa kukaa sakafuni siku ile. Asante kwa kutomdanganya mama mkwe, hata pale uongo ungekuwa mtamu na mfupi. Asante kwa Yunisi, na kwa kumwuliza.

Yule binti wa Itaka jana alimwona mwanamke mmoja mzee akilia kimya kimya baada ya daktari kupita. Hakuja kuniita. Nilimwona kutoka mbali: akatafuta kigoda, akakosa, akakaa chini. Akaanza kueleza kwa Kinyiha, huku mikono yake ikipuliza moto hewani. Gastraitisi. Tumbo limewaka tu, bibi, litapoa. Mwanamke akamshika mikono yote miwili. Nilirudi stoo nikajifanya natafuta iodini.

Basi nikuage, Mama yangu. Nakuahidi mambo mawili. Kwamba nikiwa hai, hakuna mgonjwa wa wodi hii atakayeingia chumba cha upasuaji amebebeshwa neno asilolijua, awe ni mwepesi kuelewa au mzito, awe anasema Kinyiha, Kilambya au Kisafwa. Nitatafuta mdomo wa kumwambia. Na kwamba njia ikikauka kabisa, kabla ya kahawa kuiva, nitapanda Ibaba. Sitakuja peke yangu. Yunisi ameniambia nisimsemee kwako, ana maneno yake mwenyewe na ameyaweka siku nyingi. Nitakaa kando, yeye atasema.

Lala, Mama. Umefanya kazi ya kutosha.

Ni mimi mwanao,
Tamari